Mstari Uliopinda Juu ya Sikio

Mwanangu,

Salamu utazipata huko chini, usiwe na haraka nazo. Kwanza nikuseme, kwa sababu nikianza na salamu nitalainika, na leo sitaki kulainika. Wewe huna adabu. Mtoto niliyemzaa mwenyewe, nikamlea, nikamsuka mpaka asubuhi ya kuondoka kwenda kazini, unakaa huko kiwandani unamwandikia mwalimu wa maktaba ya shule, mwanamke usiyemjua, barua mbele na nyuma, unamtumia na shali ya sufu, halafu unamwomba amchukue mjukuu wangu akaishi nyumbani kwake, ati awe karibu na vitabu. Na mimi mamako unaniachia nini? Maneno matatu mwishoni: "Nisalimieni na Mama." Kama mtu anavyosalimia paka wa jirani.

Hayo nimeyajua wiki hii, na nimeyajua kwa kinywa chake yeye, amekaa kwenye kigoda changu, shali yako mabegani. Ndiyo maana naandika kwa mkono wangu. Barua zangu zote huwa ananiandikia mwanao, lakini hii sitaki aione kabla haijakufikia. Shule mimi niliiacha kabla haijanizoea, unajua, kwa hiyo ukiona herufi zimelala kama zimelewa, wewe soma tu. Umeweza kusoma ya wageni, yangu haitakushinda.

Haya, salamu sasa. Hujambo? Kifua kimepona, au bado unakohoa kwa vumbi la vitambaa? Unakunywa maji ya moto nilivyokuagiza, au unangoja mwalimu wa maktaba akuandikie ndipo uamini? Sisi huku ni wazima. Goti langu bado linatangulia redio kutangaza mvua. Jirani fundi viatu anakusalimia, anasema ukija umletee soli. Mwanao amerefuka mpaka sketi ya shule inamkimbia magotini; pindo nimeshusha mpaka hakuna tena pindo la kushusha. Hivyo ndivyo tulivyo, na sasa nikurudishe nyuma kidogo, maana wewe umesikia upande mmoja tu, upande wenye miwani.

Unakijua kibaraza changu. Kigoda cha anayesukwa, kiti changu nyuma yake, chanuo, kopo la mafuta, kioo kilichopasuka pembeni. Jumamosi asubuhi wasichana wa sekondari walikuwa wakija wanajipanga ukutani kama vyungu vinavyongoja maji, na mimi nasuka huku nasimulia. Kichwa kimoja ni kazi ya kukaa, na mtu akikaa kimya muda wote huo matako yanamwuma. Kwa hiyo nawapa hadithi. Nawapa ya bwana harusi aliyetoroka na mpishi, nawapa ya mama mkwe aliyejifanya kiziwi miaka mingi ili asikie anavyosemwa. Na kati ya wote, aliyekuwa akinifurahisha ni Chiriku wako. Jina hilo nilimpa mimi kwa sababu mdomo wake haukuwa na Jumapili. Tangu ulipomwacha kwangu, mdogo hivyo, alikuwa anakaa katikati ya magoti yangu anauliza halafu, Bibi, halafu? Nikimkatia hadithi katikati alikuwa hainuki kwenye kigoda hata kichwa kikiwa kimekwisha. Wenzake wanamvuta mkono, yeye anang'ang'ania.

Basi Jumamosi moja nimeanza ya mama mkwe kiziwi, naye akaniambia polepole, Bibi, hiyo umeshatusimulia. Alisema kwa adabu, na adabu yenyewe ndiyo iliyoniuma. Angenicheka ningempiga kofi la mgongo tukaendelea. Wenzake wakatazama chini. Nikajua wote walikuwa wanajua siku nyingi. Mwanangu, nilikuwa nimekwisha. Hadithi zangu nilikuwa nazizungusha kama mtu anayetafuta ufunguo ndani ya mkoba uleule, kila siku anatoa kitambaa kilekile, kitana kilekile, anarudisha.

Sasa ndiyo akaingia huyo wa maktaba. Shuleni kwao kuna chumba kilichokuwa kimejaa madawati yaliyovunjika miguu. Akaja mwalimu mpya, msichana tu, umri wako au pungufu, miwani usoni, amekata nywele mpaka ngozi inaonekana, yaani mtu asiye na shida na msusi hata kidogo. Hilo peke yake lilinitosha kumshuku. Akatoa madawati, akafagia, akafungua madirisha, akapanga vitabu vipya ambavyo sijui alivipata wapi. Akabandika karatasi za rangi kwenye milango ya madarasa: njooni, njooni. Hakuna aliyekwenda. Watoto wa umri ule ukiwaambia njooni ndiyo wanakaa. Chiriku mwenyewe aliniambia walioingia mle ni wa aina mbili, aliyekimbia mvua na aliyepewa adhabu ya kufuta vumbi. Yeye alikuwa wa mvua. Aliingia kukausha viatu, akatoka na kitabu chini ya sweta.

Toka siku hiyo nyumba hii ikapata mtu wa tatu. Hali chakula chetu, halali hapa, lakini yumo. Mwalimu amesema hivi, mwalimu amesema vile. Mwalimu amesema kitabu kisipokupendeza kurasa za mwanzo una ruhusa ya kukirudisha ukachukua kingine, hakuna atakayekuuliza. Nikamwambia na mimi wali ukiungua utaurudisha? Akacheka, lakini si cheko langu, cheko la kumhurumia mtu. Mwalimu amesema macho yanataka mwanga, tusogeze taa. Taa nimeisogeza mimi, sifa amepata yeye. Nikipiga chafya nilikuwa naona kabisa huyu mtoto anafikiri mwalimu wa maktaba angepiga chafya nzuri zaidi.

Halafu akaanza kuja na kitabu kwenye kigoda. Fikiria wewe. Kisogo kimeinama mbele yangu, mdomo umefungwa, na mimi nimeshika nywele za mtu ambaye hayupo. Nikisema neno, ananijibu mmh. Nikamwuliza huko ndani kuna nini. Akasema, subiri Bibi. Mimi nisubiri, kwenye kibaraza changu. Nikamwambia basi hapa kwangu hakuna kusoma kimya kama mtu anayedokoa sukari, anayesoma asome kwa mdomo tusikie wote, au afunge. Nilidhani atafunga. Hakufunga. Akasoma kwa mdomo, na wale wa ukutani wakasogea.

Kilikuwa kitabu cha msichana mmoja aliyekwenda mji mgeni kumtafuta mama yake, aliyekuwa amepanga chumba huko. Anafika kwenye nyumba yenyewe, mwenye nyumba ni mama mpole, anamkaribisha, anamwambia pole mwanangu, mtu huyo hajawahi kukaa hapa, umekosea nyumba. Anampa maji. Msichana anakunywa, anashukuru, anazunguka nyuma aende zake, na pale uani, kwenye kamba ya nguo, anaona gauni la mama yake limeanikwa bichi, linatona.

Mkono wangu ukaruka. Mimi, niliyesuka vichwa tangu sijaolewa, mstari ulikuwa unatoka kwenye paji la uso umenyooka kama rula, ulipofika juu ya sikio la kushoto ukapinda kama nyoka aliyekanyagwa. Wala sikuuona. Nilikuwa kwenye ile kamba ya nguo. Nimekuja kuuona kichwa kimekwisha, jua limezama, vidole vimechoka, sina nguvu ya kufumua. Nikamwambia Chiriku umetikisa kichwa, ndiyo matunda ya vitabu hayo. Akajigusa, na Jumatatu akaenda shule hivyo hivyo.

Jumamosi iliyofuata akaja binti wa fundi viatu, na yeye kaazima. Chake kilikuwa cha watu wanaochimba kisima. Wamefika chini sana, wamepumzika, wakasikia mtu anagonga kutoka chini yao. Mstari ukapinda karibu na utosi. Akaja binti wa muuguzi na kitabu cha mwanamume aliyeletewa barua na kaka yake, na kaka mwenyewe walishamzika, yeye ndiye aliyeshika jembe. Ukapinda. Ikawa kila aliyekuja na kitabu cha maktaba aliondoka na mstari mmoja umepinda, na aliyekuja mikono mitupu aliondoka kanyooka. Na mimi sikuficha. Nilimwambia kila mama aliyepita, kwa sauti ya kutosha: mnaona wenyewe, mtoto akisoma hatulii, anatikisa kichwa, kazi inaharibika, wakatazeni. Nilingoja wawakataze. Nilingoja mwalimu akose watu, arudi alikotoka na miwani yake, na Chiriku arudi kwenye magoti yangu aulize halafu.

Ngoja sasa usikie. Shuleni watoto wakaanza kutazamana vichwa. Huyu kapinda juu ya sikio, yule kapinda utosini. Wakaulizana, hapo kwenye kitabu chako palitokea nini? Na aliyesukwa, kwa maringo, anasema sikwambii, kaazime. Wakagundua na jambo lingine ambalo mimi mwenyewe sikuwa nimelifikiria. Unajua nasuka kuanzia sikio la kushoto kwenda la kulia. Kwa hiyo mstari ukipinda karibu na la kushoto, kitabu kinashtua mapema; ukipinda upande wa kulia, uwe mvumilivu, kitakuja kukupata mwishoni. Wakawa wanachagua vitabu kwa vichwa vya wenzao. Binti mmoja nilimnyooshea mistari yote kwa sababu kitabu chake kilikuwa kinasinzia mpaka kisogo chake kikasinzia nacho. Alipojitazama kwenye kioo akalia. Akasema Jumatatu wataniambia nimeazima uji.

Foleni ikatoka kwenye mlango wa maktaba ikafika kwenye mabomba. Foleni hiyo niliitengeneza mimi, kwa mikono hii, kwa ajili ya mtu ambaye nilitaka afunge mlango.

Mwalimu mwenyewe alikuja Jumatano mchana, naosha machanuo. Shikamoo Bibi. Nikamjibu marahaba fupi, ya kwenye kizingiti. Macho yangu yakaenda kwenye shali. Shali nzuri, mwanangu, siwezi kusema uongo, ile rangi ya majani ya chai yaliyokolea. Nikamwuliza umenunua wapi. Akasema, kwa furaha kabisa, ametuma mama yake Chiriku. Nikamwonyesha kigoda akae, maana viti vingine ningevitoa ndani na sikutaka kumtolea.

Akaanza kunisimulia. Alisema mihula miwili alikuwa amekaa kwenye chumba kile anahesabu nzi. Alijaribu karatasi za milangoni, alijaribu kuvilaza vitabu mezani kifudifudi na kichalichali, alijaribu kuwasomea ukurasa mmoja mbele ya shule nzima na kukatisha. Walipiga makofi wakaenda kucheza mpira. Halafu ghafla watoto wakaanza kuingia wanaomba vitu asivyovielewa. Mmoja anasema nataka kile cha juu ya sikio. Mwingine anataka cha utosini. Wavulana nao, vichwa vimenyolewa kabisa, wanakuja wanajigusa kisogo, mwalimu nipe cha hapa. Akafikiri wanamtania, mpaka siku moja alipopita nyuma ya foleni akaona vichwa vimepangana. Akawauliza nani kawasuka. Wote wakasema Bibi.

Hapo akavua miwani akaifuta kwa shali yako, na nikaona macho yamelowa. Akasema hajui anishukuru vipi. Akasema alidhani yuko peke yake kwenye kazi hii. Ameniona mimi mtu wa maana sana, mtu niliyekaa nikafikiri jinsi ya kuwavuta watoto wasiovutika, bila kuwaambia soma. Akaomba, kama sitachukia, Jumamosi alete sanduku la vitabu hapa kibarazani, anayengoja zamu achague.

Mwanangu, kibaya cha mwanamke yule ni kwamba ni mwema. Mtu mbaya ni rahisi, unamchukia unapumzika. Huyu ukimchukia inabidi uamke asubuhi na mapema, na bado kazi haiishi.

Kisha akatoa barua yako kwenye mkoba. Akasema, Bibi, kuna jambo mama wa mtoto ameniomba, na sikuona vizuri nimjibu kabla sijafika kwako, maana hajasema kama mmeshazungumza. Akanitazama. Hapo nikajua, na yeye akajua, kwamba sikuulizwa. Akanisomea. Kisha akasema chumba anacho, kitupu, kina meza ya kusomea na taa isiyokatika. Kutoka kwake mpaka maktaba ni kuvuka uwanja. Nikatazama mlangoni kwangu: meza ni ile tunayopigia pasi, taa ni moja na tunaisafirisha kama mgonjwa. Kila alichosema kilikuwa kweli. Nilitamani aongope kidogo nipate pa kushika.

Mwanao akaingia kutoka shule, begi begani. Akamwona mwalimu, akaniona mimi, akaiona barua, na mwandiko wako anaujua. Mwalimu akamweleza yote bila kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa: mama yako anataka hivi, mimi chumba ninacho, Bibi yako yupo hapa, sema unavyotaka. Chiriku akashusha begi chini. Nilishika chanuo mpaka meno yake yakaniachia alama. Sikusema bakia, sikusema nenda. Ningefungua mdomo ningelia mbele ya ile shali, na hilo nisingejisamehe.

Akasema, "Kwa mwalimu kuna vitabu vyote. Lakini kule kila mtu anasoma peke yake. Hakuna anayeshtuka."

Mwalimu akamwuliza unamaanisha nini.

"Nikifika pazuri, mikono ya Bibi inasimama kichwani kwangu. Ndipo najua ni pazuri."

Mwalimu akakunja barua polepole akairudisha. Akasema amesikia, atakuandikia kwamba chumba kipo na mtoto amejibu, lakini wewe ndiye mama na neno la mwisho ni lako, atalingoja. Akaniaga kwa mikono miwili. Shukrani zake nilizipokea zote, sikurudisha hata moja. Nikasema asante mwalimu, tunajitahidi. Tunajitahidi, mimi. Hata nilipindisha shingo kidogo kama mtu aliyezoea kusifiwa.

Jioni tunaanua nguo, Chiriku yuko upande mmoja wa shuka na mimi upande wa pili, akaniambia bila kunitazama kwamba hajawahi kutikisa kichwa. Hata siku ile ya kwanza. Akasema amekaa kati ya magoti yangu tangu hajui kufunga kamba za viatu, anajua kutulia. Na binti wa fundi viatu akikaa kwenye kigoda ni jiwe hata akisoma, na asipokuwa na kitabu husinzia mpaka mkoromo unatoka. Huyo ndiye aliyemfanya aelewe. Nikamwuliza, kwa hiyo unajua. Akasema anajua siku nyingi. Nikamwuliza mbona hukusema. Akasema kwa sababu foleni ilikuwa imeanza. Na tangu hapo yeye ndiye aliyekuwa anawaambia wenzake Jumamosi waje na kipi, anachagua chenye pa kushtua vizuri, anawatuma kwangu. Mimi nilijiona mjanja ninayemmaliza mwalimu, kumbe naendeshwa na mtoto niliyemfundisha kupenga kamasi. Akakunja shuka lake akaingia ndani, na mgongo wake ulikuwa unacheka.

Sasa nikwambie wewe, kwa maneno yangu, usije ukalisikia kwa mtu ukadhani nilikuficha. Mstari wa kwanza tu ndio uliopinda wenyewe. Iliyobaki yote niliipinda mimi, kwa makusudi, kwa wivu. Nilikuwa nasikiliza kitabu nangoja pale msomaji mwenyewe atakaposhtuka, ili nikimwambia umetikisa kichwa asiweze kukana, na pale pale naukunja. Niliharibu vichwa vya watoto wa watu nilivyoaminiwa, ili maktaba ipate jina baya. Mwalimu hajui. Ananidhania mtu mwema na anasema hivyo shule nzima. Ningeweza kukuachia na wewe uamini hivyo, ungeona aibu kunyang'anya mtoto kutoka kwa bibi msifika namna hii, na mambo yangekwisha. Lakini sitaki abaki kwangu kwa sifa za kuiba. Nataka abaki ukijua ni nani umemwachia: mwanamke mwenye kijicho, anayemwonea wivu mwalimu kwa sababu ana hadithi nyingi kuliko zake, na anayekuonea wivu wewe kwa sababu ulipotaka kushukuru ulimkumbuka mwingine.

Na wivu haujaisha, usidhani naandika hivi nimepoa. Jana Chiriku alicheka na mwalimu getini, cheko refu, na nilipomwuliza walikuwa wanacheka nini akasema ni jambo la kitabu. Niliunguza chai. Lakini kitabu cha gauni kwenye kamba kimebaki robo, na mimi nataka kujua yule mwenye nyumba alimfanya nini mama wa watu. Nisingejua kama kungekuwa na mama mkwe kiziwi peke yake. Hilo nalikubali, kwako tu.

Kwa hiyo fanya hivi. Mwandikie mwalimu kwamba mtoto anakaa kwa Bibi yake. Akitoka darasani abaki maktaba mpaka ifungwe, sitanung'unika, au nitanung'unika moyoni. Sanduku la vitabu Jumamosi alilete, na sanduku liwe na vya wavulana pia, maana wameanza kukaa kwenye ukuta wangu wanajifanya wanawasindikiza dada zao. Na mimi kuanzia wiki hii nasuka kwa haki: nikishtuka kweli mstari utapinda wenyewe, nisiposhtuka utanyooka, na anayetaka kulia alie. Mwalimu mwenyewe, nywele zake zikiota, aje akae kwenye kigoda aone kazi. Hilo la mwisho usimwandikie. Nitamwambia mwenyewe siku nikijisikia.

Wasalimie wenzako wa chumbani. Yule anayekukopesha blanketi mwambie nimemkumbuka. Funika kifua ukilala, na usitume zawadi kwa mtu yeyote huku bila mimi kujua. Mwanao atakuandikia zake akimaliza kurasa alizonazo. Ukiona zimechelewa, ujue mambo ni mazuri.

Ni mimi mamako, niliyekuzaa peke yangu bila kusaidiwa na mwalimu yeyote.

Barua ya mwalimu iandike leo, kabla hujavua viatu, na juu kabisa, kabla ya neno lolote lingine, andika kwamba nimekuruhusu.